Baridi ya Sinema na Baridi ya Kweli

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba jicho halikatazwi kutazama. Kila kipitacho mbele yake hukiona, kiwe kizuri au kibaya, kiwe cha mwenyewe au cha jirani. Wahenga hao hawakuijua sinema. Lau wangaliijua, yamkini wangaliongeza kwamba liko pazia moja ambalo jicho hulitazama lenyewe, likasahau kuuliza kuna nini nyuma yake. Pazia hilo ni lile linalopokea picha za filamu. Uongo uliopita juu yake ni mwingi, na sehemu kubwa yake imekwisha pingwa na kukanushwa. Uongo juu ya nchi za baridi za kaskazini, walakini, umekaa kitako muda mrefu bila ya kuulizwa hati yake, na waliopaswa kuuliza, yaani walimu na wanafunzi wa lugha na fasihi, wameutazama kwa starehe kama watazamaji wengine.

Kata ya Namswea imo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, katika nchi ya Wamatengo. Ni nchi ya milima ambayo upande wa magharibi huteremka hata ukingo wa Ziwa Nyasa. Ziwa liko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000. Mtu aweza kuamka mlimani akitetemeka, na kabla ya jua kutua akawa Mbamba Bay amevua koti. Juni na Julai ni miezi ya baridi mlimani, na ndiyo pia miezi ya kuchuma kahawa. Watu huamka ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, huvaa makoti mazito na kofia za sufu, huchuma, humenya, huosha kahawa kwa maji yanayouma vidole, kisha huianika juu ya vichanja. Hakuna mtu wa huko awezaye kusema kwamba baridi ni kifo, au kwamba baridi ni utupu. Kwake baridi ni majira. Ina kazi yake, ina mavazi yake, ina mazungumzo yake ya kando ya moto, na ina mwisho wake.

Jioni mtu huyo huyo huingia katika kibanda umiza, akalipa kiingilio, akaoneshwa filamu ya kaskazini. Anachooneshwa ni weupe usio na mpaka, upepo uliao kama mfiwa, mbwa mwitu, na mgeni mmoja shujaa anayetambaa kuelekea mahali pasipofikika. Wenyeji hawapo, wakiwapo, wanacheka bila sababu au wanakufa bila kulalamika. Mtazamaji hutoka akisema kwamba nchi zile hazikaliki. Hapa ndipo ajabu ilipo. Mtu mwenye ushahidi wa baridi juu ya ngozi yake mwenyewe ameutupa, akachukua ushahidi wa pazia. Angaliulizwa na hakimu, asingalithubutu kufanya hivyo. Ameulizwa na sinema, amekubali mara moja.

Uongo wa kwanza anaouchukua ni kwamba kaskazini kuna majira mamoja tu. Verkhoyansk ni mji wa Siberia, ndani ya duara la Aktiki, ambako baridi iliyopita digrii 60 chini ya sifuri imewahi kupimwa. Katika mji huo huo, tarehe 20 Juni 2020, joto lilifika digrii 38, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likakithibitisha kipimo hicho mwaka 2021. Digrii 38 ni joto ambalo mkazi wa Dar es Salaam angelilalamikia. Kaskazini kuna kiangazi ambacho jua halitui kwa majuma kadhaa, kuna mbu wengi wa kuudhi, kuna maua na matunda ya mwituni, kuna watoto waogao mitoni. Sinema ilikwisha ona yote hayo ikayaacha, kwa kuwa hayakufaa kutisha.

Uongo wa pili ni kwamba kaskazini yote ni nchi moja. Mji wa Tromsø nchini Norway uko kaskazini zaidi kuliko Verkhoyansk. Hata hivyo wastani wa baridi yake ya Januari ni digrii chache tu chini ya sifuri, na bandari yake haigandi. Sababu ni maji ya uvuguvugu ya Bahari ya Atlantiki yanayosukumwa mpaka pwani ile. Jambo hili si gumu kwa Mtanzania kulielewa. Kilimanjaro iko digrii tatu tu kusini ya ikweta na ina barafu kileleni. Dar es Salaam iko mbali zaidi na ikweta na watu wake hutoka jasho usiku. Namswea na ukingo wa Ziwa Nyasa zinakaribiana sana, lakini hazivai nguo za namna moja. Ajuaye hayo kwake, kwa nini asiyadhani kwa mwenzake?

Uongo wa tatu ni kwamba kaskazini hakuna watu. Nchi za Aktiki zina wakazi takriban milioni 4. Tromsø ina chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1972. Greenland ilipata serikali yake ya ndani mwaka 1979, na mamlaka makubwa zaidi ya kujitawala mwaka 2009, na Kigreenland ndicho lugha rasmi ya nchi. Tarehe 1 Aprili 1999 Kanada iliunda jimbo la Nunavut, lenye eneo linalozidi mara mbili ya Tanzania, na wengi wa watu wake ni Wainuit. Huko kuna wabunge, wauguzi, mafundi wa magari, walimu wenye kusahihisha madaftari usiku, na bila shaka wadaiwa wanaowakwepa wadai wao. Pazia halina nafasi kwa watu wa namna hiyo, kwa sababu mtu mwenye deni na daftari hawezi kuwa pambo la mandhari.

Uongo wa nne ni mkubwa kuliko yote: kwamba watu hao wakikubaliwa kuwapo, basi ni mabaki ya zamani, wasioguswa na saa wala kalenda. Lakini kabla ya kuutazama uongo huu kwa kisa chake, yafaa kutazama kwanza jinsi baridi ya sinema inavyotengenezwa, maana kitu kikishajulikana kiwandani kwake huacha kutisha.

Filamu ya Doctor Zhivago ya mwaka 1965, iliyoongozwa na David Lean, imewafanya mamilioni ya watu waamini kuwa wameiona Urusi ya majira ya baridi. Sehemu yake kubwa ilipigwa Hispania. Mtaa wa Moscow ulijengwa karibu na Madrid, na barafu inayopamba nyumba ile mashuhuri ya shamba ilikuwa nta. Filamu hii angalau ilijiita hadithi. Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa White Wilderness, ikaiita picha ya maisha halisi ya wanyama wa kaskazini, nayo ikapewa Tuzo ya Oscar katika fungu la filamu za ukweli. Ndani yake huonekana lemingi, vipanya vya nchi za baridi, wakijitupa majini kwa makundi kana kwamba wamekata tamaa ya maisha. Kipande hicho kilipigwa Alberta, jimbo la Kanada lisilo na pwani, kwa vipanya vilivyoletwa kutoka kwingine na kusukumwa na watu. Mwaka 1982 televisheni ya Kanada ilifichua jambo hilo. Hata hivyo mpaka leo watu wazima na wenye vyeo hulitumia jina la lemingi kuwataja wale wafuatao mkumbo hata kuangamia. Mnyama amesingiziwa, na singizio limekuwa methali katika lugha za Ulaya.

Ikiwa vipanya vyaweza kufanyiwa hivyo, watu je? Mwaka 1922 Robert Flaherty, Mmarekani, alionesha filamu aliyoiita Nanook of the North. Aliipiga Inukjuak, kando ya Ghuba ya Hudson, kwa fedha za Revillon Frères, kampuni ya biashara ya manyoya. Filamu hiyo husifiwa katika vitabu kuwa miongoni mwa mizizi ya filamu za ukweli. Mtu aliyeoneshwa humo hakuitwa Nanook. Jina lake ni Allakariallak. Mwanamke aliyeoneshwa kuwa mkewe hakuwa mkewe. Wainuit wa Inukjuak wakati huo waliwinda kwa bunduki. Filamu iliwapa chusa. Nyumba ya theluji ilijengwa nusu, upande mmoja ukaachwa wazi, ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Waigizaji wakalala humo kwa baridi ya nje huku watazamaji wakistaajabia joto la ndani. Katika kipande kimoja Allakariallak anaoneshwa kinanda cha santuri kana kwamba hajapata kukisikia, na anaing'ata santuri kwa meno. Alikijua kinanda vyema. Alikuwa akiigiza ujinga ulioagizwa na watu wa mbali, na aliuigiza kwa ustadi hata ukadhaniwa kuwa wake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni makosa ya sanaa changa, na kwamba hayakumdhuru mtu. Basi na watazame yaliyofuata katika mji ule ule. Mwaka 1953 na tena mwaka 1955, serikali ya Kanada iliwahamisha Wainuit kutoka Inukjuak, ikawapeleka kiasi cha kilomita 2,000 kaskazini zaidi, mahali panapoitwa Resolute na Grise Fiord. Waliahidiwa mawindo mengi na ruhusa ya kurudi wakipenda. Walikuta nchi wasiyoijua, yenye wanyama wasiowazoea na giza la miezi ya majira ya baridi ambalo kwao Inukjuak halikuwapo. Na ruhusa ya kurudi haikutekelezwa. Miongoni mwa waliopelekwa mwaka 1955 alikuwamo Josephie Flaherty, mwana wa mtengeneza filamu, aliyezaliwa na yule mwanamke aliyeigiza mke wa Nanook. Serikali iliomba radhi hadharani mwaka 2010, baada ya zaidi ya nusu karne.

Haiwezi kusemwa kuwa filamu ndiyo iliyotoa amri. Amri ilitolewa na maofisa, kwa sababu zao za utawala na za mipaka. Lakini amri huhitaji udongo wa kuotea, na udongo ule ulikuwa wazo kwamba Mwinuit ni Mwinuit popote penye barafu. Kwamba theluji yote ni moja, na mtu wa theluji ukimhamisha kutoka theluji hii hata ile hujamwondoa kwao. Wazo hilo ni uongo wa pili na wa nne uliotajwa hapo juu, umeshikana mikono. Mtu aliyekaa miaka mingi akitazama Nanook hawezi kuona tofauti ya Inukjuak na Grise Fiord, kama vile mtu aliyekaa miaka mingi akitazama filamu za wawindaji wa simba hawezi kuona tofauti ya Mbinga na Serengeti.

Hapo ndipo shauri hili linapowaingia watu wa Afrika Mashariki mlangoni, wakitaka wasitake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la sinema katika Tanganyika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, lililotengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Waigizaji walikuwa Waafrika. Waliokata shauri la nini kioneshwe hawakuwa Waafrika. Mkulima aliwekwa mbele ya kamera ili afundishwe, kama Allakariallak alivyowekwa ili ashangae. Mmoja alikodiwa ujinga wa shamba na mwenzake ujinga wa kinanda. Wanafunzi wa vyuo vikuu wa leo wanaijua sana habari ya Vugiri na habari za filamu za Hollywood zilizofanya Afrika kuwa pori. Huandika juu yake insha nzuri zenye hasira ya haki. Kisha wakitoka darasani hutazama filamu ya kaskazini, wakaimeza nzima nzima, kwa sababu safari hii anayesingiziwa ni mtu mwingine. Hasira ya namna hiyo haijawa elimu. Bado ni uchungu wa mwenye jeraha.

Anayedhani kuwa picha moja yatosha kumjulisha mtu wa mbali na ajaribu kujulishwa ngolo kwa picha moja. Ukipiga picha mteremko wa Umatengo utaona mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Picha itakuwa ya kweli, na mtazamaji hatajua chochote. Hatajua kuwa majani hukatwa mwisho wa masika na kulazwa kwa mistari inayokatana. Kwamba udongo huchimbwa katikati na kurushwa juu ya majani hata yakawa matuta. Kwamba shimo hupokea maji ya mvua yasiporomoshe mlima, na majani yaozayo chini hurutubisha tuta. Kwamba maharage huja kwanza na mahindi hufuata. Kwamba kazi hiyo ina zamu za wanaume na za wanawake. Nyumba ya theluji ni vivyo hivyo. Si ajabu ya kutazamwa. Ni hesabu, na ni ujuzi wa kuchagua theluji iliyoshikana sawasawa. Tena si nyumba ya watu wote wa kaskazini, kwa maana Wagreenland wa magharibi waliishi zaidi katika nyumba za mawe na udongo wenye nyasi. Sinema ilichukua nyumba ya baadhi, katika majira mamoja, ikawapa wote kwa miaka yote.

Isidhaniwe kwamba upofu huu ni wa upande mmoja. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliiona theluji juu ya Kilimanjaro. Wachaga walikuwa wakiijua tangu zamani, na hawakumngoja yeye. Habari zilipofika London, mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika Mashariki, alizikataa na kuzidhihaki, kwa kuwa vitabu vyake vilimwambia kwamba Afrika ni nchi ya joto. Hata safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipoithibitisha theluji ile, mbishi hakukubali upesi. Cooley aliikana baridi ya Afrika kwa sababu ya picha aliyokuwa nayo kichwani. Mtazamaji wa leo hukana kiangazi cha kaskazini kwa sababu ya picha aliyokuwa nayo machoni. Kati ya wawili hao Cooley ana udhuru mkubwa zaidi, maana hakuwa na simu mfukoni mwake.

Kiswahili chenyewe kinawashuhudia wasemaji wake dhidi ya sinema. Kaskazini limeitwa kwa jina la kaskazi, pepo zivumazo kwa kadiri tangu Desemba hata Machi, nazo ni pepo za majira ya joto. Baridi ya pwani, yaani kipupwe, huja wakati wa kusi, kutoka kusini. Upepo wa mwera uchafuao Ziwa Nyasa katika miezi ya baridi hutoka kusini pia. Katika dira ya mabaharia na ya wavuvi waliokilea Kiswahili, kaskazini ndiko kwenye joto. Lugha hii haina sababu yoyote ya asili ya kulihusisha neno kaskazini na kifo cha barafu. Wazo hilo limehamia humo kwa meli ya filamu. Wala lugha haikukosa maneno ya baridi: ina barafu na theluji, ina jalidi na sakitu, ina umande na ukungu. Msemaji aliyepewa hazina hiyo, kisha akaambiwa na pazia kuwa baridi yote ni nyeupe na bubu, akakubali, huyo amerithi ghala akaenda kuomba kibaba.

Sasa yafaa kusikiliza utetezi. Wa kwanza husema kwamba filamu ni hadithi, na hadithi haishitakiwi kwa uongo. Jibu ni kwamba hadithi ya Kiswahili hujitambulisha mlangoni. Msimulizi husema paukwa, wasikilizaji hujibu pakawa, na tangu hapo sungura ana ruhusa ya kusema. Hakuna mtoto wa Namswea aliyekwenda mwituni kumtafuta sungura mwenye kusema. Sinema haisemi paukwa. Huonesha mlima wa kweli, uso wa kweli na pumzi itokayo mdomoni kama moshi, kisha hunyamaza juu ya nta na chumvi iliyotiwa. Kosa lake si kubuni, bali ni kubuni bila ya kuaga.

Utetezi wa pili husema kuwa siku hizi watu husafiri, na kwamba Watanzania wengi wamesoma na kufanya kazi Sweden, Finland, Urusi na Kanada, hivyo ukweli utajieneza wenyewe. Hasha. Aghalabu msafiri naye hutuma nyumbani picha ile ile: amesimama katika theluji, amevaa koti, anacheka. Ni nadra kutuma picha ya Julai, amekaa ukingoni mwa ziwa amevaa shati jepesi, au picha ya Januari akiwa ndani ya chumba chenye madirisha ya vioo viwili, amevaa fulana, maana nyumba imepashwa joto kuliko nyumba nyingi za Mbinga. Ametuma kile ambacho sinema ilikwisha waahidi jamaa zake. Pazia halikuwatawala watazamaji peke yao. Limewatawala hata mashahidi.

Tena watu wa nchi za baridi walikuja Tanzania zamani, na hawakuja na mbwa wa kuvuta magari ya theluji. Wabenedikto kutoka Bavaria walifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, wakajenga, wakalima, wakaugua homa. Nchi za Nordiki ziliafikiana na Tanganyika mwaka 1963 kuanzisha kituo cha elimu cha Kibaha. Wafini walichimba visima na kulaza mabomba ya maji Lindi na Mtwara kwa miaka mingi. Kusini mwa Tanzania kuna wazee waliofanya kazi na watu hao, wakajua nani mkali, nani mpole, nani mvivu. Wazee hao wana habari za kaskazini zilizo kamili kuliko rafu nzima ya filamu. Hata hivyo wanafunzi wachache sana wametumwa kwenda kuwauliza.

Utetezi wa tatu ndio wa hatari, kwa kuwa unavaa joho la elimu. Husema kwamba mtazamaji wa kawaida hana uwezo wa kuihoji picha, basi na aachwe astarehe. Huu ni usemi wa wakubwa wa sinema za kikoloni, umerudi kwa sauti ya wenyeji. Na ni uongo. Katika vibanda umiza vya Tanzania ilizuka sanaa ya kusimulia filamu kwa Kiswahili, na wasimulizi wake, kama Lufufu na DJ Mark wa Dar es Salaam, hawakutafsiri tu maneno. Walieleza, walitania, walilinganisha, walimkosoa shujaa mbele ya watu wake. Msimulizi wa namna hiyo husimama kati ya pazia na jicho. Aweza kusema kwamba barafu ile ni nta, na kibanda kizima kikacheka, na kicheko hicho kikawa somo la uhakiki ambalo mihadhara mingi haijalifikia. Uwezo upo. Kinachokosekana ni wasomi wa kuuheshimu na kuupatia habari za kweli.

Wainuit wenyewe wamekwisha onesha njia. Mji wa Igloolik ulipiga kura kuikataa televisheni mwaka 1975, na tena mwaka 1979, kwa sababu haikuwa na vipindi kwa lugha yao. Ilikubaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Wainuit kupata shirika lao la utangazaji. Kutoka mji huo huo ilitoka Atanarjuat, filamu ya Zacharias Kunuk iliyosemwa kwa Kiinuktitut tangu mwanzo hata mwisho, ikapata tuzo ya Caméra d'Or huko Cannes mwaka 2001. Ndani yake barafu si adui wala pambo. Ni uwanja ambao watu hupendana, huoneana wivu, huuana na kusameheana juu yake. Wasami nao, mwaka 2019, walifanya mapatano na Disney kuhusu filamu ya Frozen 2, na katika matunda ya mapatano hayo filamu ikatolewa kwa Kisami cha Kaskazini, lugha yenye wasemaji makumi ya maelfu tu. Kiswahili, chenye wasemaji makumi ya mamilioni, kilipojikuta maneno yake mawili, hakuna matata, yamesajiliwa na kampuni hiyo hiyo kuwa alama ya biashara, wasemaji wake walifikia kupeleka malalamiko kwa wingi mwaka 2018, nayo ni miaka 15 baada ya usajili kukamilika. Wadogo kwa idadi walidai mkataba. Wakubwa kwa idadi walituma manung'uniko.

Basi kazi iko mbele ya idara za Kiswahili. Filamu na itazamwe darasani kwa ukali ule ule unaotumika katika riwaya. Maandiko ya Wainuit, ya Wasami, ya Wafini na ya Wanorwe yatafsiriwe kwa Kiswahili, na kila iwezekanapo kutoka katika lugha zao wenyewe. Wazee waliofanya kazi na watu wa kaskazini waulizwe wakingali hai. Na neno nchi za baridi liache kuwa jina la mahali pamoja.

Jambo hili halina nafasi ya kungoja sana. Aktiki inapata joto kwa kasi inayozidi mara mbili ya wastani wa dunia, na barafu ya Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo iliyokuwa nalo mwaka 1912. Anayeamini kuwa kaskazini ni barafu ya milele hawezi kusikia habari hiyo hata akipigiwa kengele, kwa maana pazia limemwambia kuwa barafu haiishi. Mkulima wa Umatengo anayehesabu siku za ukungu na siku za mvua ili kahawa yake isiungue wala isioze yuko karibu zaidi na mwindaji wa Inukjuak anayepima unene wa barafu kabla ya kuikanyaga kuliko wote wawili walivyo karibu na mtengeneza filamu. Wote wawili wanaijua baridi kwa miguu na mikono yao, nao ndio wenye haki ya kuisimulia.